Mtego Usiovunja Mfupa

Mbweha alikuwa bado hai, mguu wa mbele umebanwa mtegoni, na ardhi yote iliyomzunguka ameichimba kwa kuhangaika. Mtegaji aliweka mfuko wake chini, akashika rungu.

"Niwie radhi, mwenzangu," akamwambia. Ndivyo alivyosema baba yake, na ndivyo alivyosema yeye kwa kila mnyama tangu aanze kazi hii. Kisha akampiga rungu moja juu ya pua. Mbweha akalegea. Mtegaji akamkandamiza goti kifuani, akabaki hapo mpaka mbavu zikaacha kupanda na kushuka. Hakutumia risasi wala mkuki, maana ngozi yenye tundu hainunuliki.

Alipomaliza akaupapasa ule mguu uliobanwa. Mfupa ulikuwa mzima. Akacheka peke yake kama mwehu, akaukata mguu akautia mfukoni.

Alikuwa na haki ya kucheka. Serikali ilikuwa imetoa kanuni mpya: mtego wa chuma usivunje mfupa, na kila mtegaji awe na kibali kipya, mwisho leo. Ngozi ya asiye na kibali ni magendo, inachomwa moto. Basi Mtegaji alikuwa ameyasaga meno ya mitego yake yote kwa tupa, akazungushia taya zake mpira wa tyubu ya baiskeli. Mkewe, ambaye ndiye aliyezikwangua na kuzikausha ngozi za msimu mzima, alizifunga mzigo akajitwika. Kama zingechomwa, hawakuwa na kitu kingine chochote.

Afisa wa wanyamapori waliyemwendea aliitwa Bwana Nyama na kila mtu. Alikuwa mpole wa sauti, na upole wake ndio uliotisha. Askari wake aliamuru rungu liachwe mlangoni. Bwana Nyama akautega mtego waliomletea juu ya meza, akauchokoa kwa fimbo kavu. Fimbo ikakatika vipande viwili.

"Mtego katili huu," akasema. "Umevunja."

"Fimbo kavu haina nyama, bwana mkubwa. Nimekuletea mguu wa mbweha wa leo. Upapase mwenyewe."

"Kanuni haikutaja mbweha. Imetaja jaribio mbele ya afisa."

"Atie mkono wake mwenyewe basi," askari akasema, akacheka.

Bwana Nyama hakucheka. "Hilo litakubalika," akasema.

Mtegaji aliutazama mzigo wa ngozi kichwani mwa mkewe. Mtegaji yeyote huikandamiza springi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ndio hubaki wazi. Hakufikiri zaidi ya hapo. Akautega upya, akatia wa kulia.

Taya zikajifunga. Ngozi ya kiganja ikachanika, kucha ya dole gumba ikang'oka, na damu ikamwagika mezani. Mkewe ndiye aliyepiga ukelele, yeye aliuma meno tu. Walipomfungua, akakunja vidole kimoja kimoja huku jasho likimtiririka.

"Havijavunjika," akasema.

"Kweli. Mtego umepita." Bwana Nyama akaifuta damu kwa gazeti, akasogeza kibali na kidau cha wino. "Dole gumba la kulia."

Dole lenyewe lilikuwa limevimba, ncha imechunika. Akalibonyeza kwenye karatasi. Akabonyeza tena.

"Hiyo si alama, ni doa."

"Chukua la kushoto, bwana."

"Kanuni inasema la kulia. Rudi likipona."

"Lakini mwisho si leo?"

"Ndiyo, ni leo. Mtego umepita, wewe umeanguka."

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Bwana Nyama ulikata upande mmoja tu, upande aliosimama mwenye njaa.

Askari akauburura mzigo nje, akaumwagia mafuta ya taa. Mkewe Mtegaji akaukumbatia. Akapigwa kitako cha bunduki kwenye taya, akaanguka, akatema jino. Kiberiti kikawashwa. Manyoya yaliungua kwa harufu mbaya, na kazi ya msimu mzima ikaanza kujikunja motoni.

Bwana Nyama alitoka akasimama mlangoni, mikono nyuma, kusimamia. Mtegaji alikuwa karibu naye, rungu lake ameliokota kwa mkono wa kushoto.

"Niwie radhi, mwenzangu," akasema polepole.

Bwana Nyama hakupenda kuitwa mwenzangu, lakini alipuuza. "Hamna neno," akajibu huku akiutazama moto. "Mimi sina kinyongo."

Pale chini mkewe aliyasikia maneno yale. Alikuwa akiyasikia tangu aolewe, na alijua kinachofuata. Akajikokota, mdomo umejaa damu, akalishika rungu kwa mikono yote miwili.

"Si leo, baba watoto," akamwambia.

Mtegaji hakulivuta, wala hakuliachia.