Dirisha kwa Dirisha

Fundi cherehani hakumwambia mumewe kwamba wanakuja. Alitaka kumfumania, alisema, ila kwa wema, na akacheka peke yake huku akikunja nguo za watoto.

"Mama, Baba atashtuka?" aliuliza Kitinda, binti wa mwisho, kabla treni haijatoka stesheni.

"Atashtuka mpaka kofia imdondoke."

Mume alikuwa fundi mitambo kwenye bwawa la umeme huko milimani. Tangu ahamishiwe huko, likizo zake zilikuwa za kuahidiwa tu, leo anapewa, kesho ananyang'anywa. Mkewe alimkumbuka, tena si kwa mambo makubwa. Alitamani kumsikia akikohoa uani. Alitamani hata kugombana naye ana kwa ana, maana ugomvi wa simu hauna utamu, mtu akikasirika anakata.

Zamani, akiwa bado nyumbani, mume alifanya zamu za usiku kiwandani na kulala mchana. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Cherehani haikuguswa mpaka aamke, na watoto walijua kunong'ona kabla hawajajua kusema sawasawa. Kumwamsha Baba lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani.

Mchana treni ilisimama kwenye stesheni ndogo, katikati ya vichaka, kusubiri ile inayoshuka. Reli ni moja, na hapo ndipo treni hupishana. Ya kushuka ikaja, ikasimama ubavuni, dirisha kwa dirisha.

Na huyo hapo. Vioo viwili tu kati yao. Paji la uso limeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, furushi limekumbatiwa mapajani. Kumbe naye alikuwa njiani kwenda kuwashtukiza!

Mama akainua mkono agonge kioo.

"Shhh!" Dada Mkubwa, binti wa kwanza, akamdaka mkono. "Baba amelala."

Kitinda, aliyekwisha kufungua kinywa aite, akaweka kidole mdomoni. Na mama mtu, msimcheke, akashusha mkono.

Wakamtazama, wote watatu, kimya. Alikuwa na mvi juu ya masikio, mvi ambazo mkewe hakuwa na habari nazo. Kifungo kimoja cha shati kilikuwa cha rangi nyingine, kimeshonwa hovyo na mtu asiyejua sindano. Mama alitamani kukikata akishone upya palepale.

Ile treni ilipojivuta ndipo akili zikawarudia. Wakapiga kioo kwa viganja, wakaita mpaka behewa zima likageuka. Baba akapita zake, usingizini. Wakapiga simu, nayo ilikuwa imezimwa.

Mwisho wa reli walikodi gari. Dereva alipoambiwa wanakokwenda, akachangamka.

"Kwa yule wa mitambo? Si nimemshusha hapa asubuhi! Kapata siku tatu. Njia nzima ni wanangu, wanangu, mpaka nikajiona nawafahamu."

Mama alicheka, kisha akageukia dirisha ili watoto wasimwone. Barabara ilipanda kwa kona juu ya kona, masikio yakaziba, Kitinda akatapika kwenye mfuko. Milima ilikuwa mizuri, kwa wenye nafasi ya kuitazama.

Huko bwawani, mwenzake Baba kwenye zamu aliwafungulia chumba. Kitanda cha mtu mmoja, kigoda kimoja, kikombe kimoja kimefunikwa juu ya sahani moja. Mama akavuta blanketi usoni. Lilinuka sabuni na grisi, na yeye. Hapo akalia bila kujificha.

Jioni simu ikalia.

"Mko wapi?" Mume alikuwa akihema. "Niko mlangoni na zawadi zangu, jirani ananiambia mmesafiri!"

"Tuko kwako. Nimekalia kitanda chako."

Mume akaangua kicheko. "Basi tumepishana!"

"Tumepishana, na tumekuona. Ulikuwa umelala."

Kicheko kikakatika. "Mmeniona? Sasa mbona hamkuniamsha?"

Mama akawaangalia binti zake, wamekaa kwenye kigoda kimoja, kila mmoja nusu.

"Tulizoea," alisema.

"Usiku kucha sikupata usingizi, kwa hamu ya kuwaona. Ndiyo maana nikasinzia." Akavuta pumzi. "Kesho asubuhi nageuza."

"Thubutu! Ukipanda tutapishana tena, na kitanda hiki hakitutoshi wanne. Kaa hapohapo, sisi ndio tunashuka. Tutapata usiku mmoja, lakini tutaupata."

"Na mkinikuta nimelala?"

"Nitakuamsha, baba watoto. Hata kama ndio kwanza umefumba macho, nitakuamsha. Sitaki tena kukutazama tu."