Mshumaa wa Asheri kwenye Sinki

Tangu jua la jana lizame Dvora hakuwa ametulia, na yote kwa sababu ya mshumaa. Kwao Wayahudi, siku aliyofariki mtu wako ikirudi, unamwashia mshumaa ndani ya bilauri, uwake mpaka jua lizame tena, na wala huuzimi. Huu ulikuwa wa kwanza wa mwanawe Asheri. Kaburi liko Louisville, kando ya bibi yake. Baba mtu alishahamia Buffalo, hata simu hapigi. Hapa mjini Gahanna alibaki Dvora na mshumaa wake, basi.

Aliuweka kwenye sinki ya jikoni usije ukaunguza nyumba, kisha akawa haishi kwenda kuuchungulia. Lakini hofu yake hasa ilikuwa nyingine. Siku hizi alijaribu kukumbuka jinsi Asheri alivyoguna akifurahi, mtoto asiyesema, asiyekaa, aliyelishwa kwa mrija tumboni maisha yake yote, na ule mguno haukumjia. Akiusahau yeye mama, nani mwingine ataukumbuka? Ndugu zake walishamwambia mtoto amepumzika. Jamani, kana kwamba kuna mzazi aliyeomba mwanawe apumzishwe.

Alasiri alishuka chini kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia. Aliporudi alimkuta Dafroza jikoni, yule mama Mrundi wa mji jirani wa Reynoldsburg aliyemtunza Asheri pamoja naye miaka yote, ufunguo wake wa zamani bado mkononi, ndizi alizoleta zimetapakaa sakafuni. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye sinki. Dafroza alikuwa ameupuliza mshumaa.

Dvora alipandwa na hasira. Alimuuliza kama ana akili timamu, kama hajui leo ni siku gani. Dafroza alikuwa akihema kuliko yeye.

"Mama Asheri, moto ndani ya nyumba? Na mtoto yuko kwenye oksijeni!"

Wote wawili wakageukia chumba cha Asheri, wakatega sikio kuisikia mashine ya oksijeni. Hapakuwa na mashine.

Mtoto alipokuwa hai, Dvora mwenyewe ndiye aliyeweka sheria ile: hakuna kiberiti humu ndani, na hata mishumaa ya Sabato, Ijumaa jioni, aliwasha ya betri. Dafroza, aliyeona vibanda vya nyasi vikiteketea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, hakuhitaji kukumbushwa. Mwaka mzima hakuwa amekanyaga hapa, kumbe mwili wake haukuambiwa kwamba mtoto hayupo.

"Nimesahau," alisema, akaketi sakafuni akilia. "Nimefungua mlango, nikajua yupo."

Dvora akaketi naye katikati ya zile ndizi. Aliona haya kwa maneno aliyomtupia. Kisha akamuuliza jambo aliloogopa kumuuliza mtu yeyote: Asheri akifurahi, alikuwa akigunaje?

Dafroza alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akaguna mara mbili, mguno wa pili mrefu, unaopanda mwishoni. Ndio huo. Dvora akaguna naye, akakosea, akarudia mpaka akaupata. Halafu akatoa kiberiti mfukoni, akampa Dafroza auwashe yeye.