Mkalitusi wa Shibiri Mbili

Saa nne asubuhi dobi aligusa shuka la tatu kambani, akalikuta bado linachuruzika. Jua lilikuwapo, kali kama kawaida, ila halikufika uani kwake. Uani kulikuwa na kivuli cha mti wa mita arobaini. Mti wenyewe ulikuwa juu ya ukuta wa jirani, ndani ya sinia la udongo, na urefu wake ni shibiri mbili.

Jirani alikuwa mkurugenzi mstaafu. Kazini alikuwa hodari wa kupunguza watu. Alipostaafu akahamia kwenye miti. Aliagiza mbegu za mkalitusi kutoka Australia, akawa anakata mizizi kwa mkasi na kufunga matawi kwa waya. Kila mgeni alielezwa kuwa huko kwao mti huo hugusa mawingu, lakini hapa umetiwa adabu.

"Shikamoo mzee," dobi alisema ukutani. "Kivuli cha mti wako kinanikatia riziki."

"Marahaba. Mti huu, mama? Hata kifaranga hatoshi chini yake."

Nyuma ya dobi, kuku saba walikuwa wamejilaza kivulini.

"Basi upunguze kidogo."

Mkurugenzi, muungwana, akakata vitawi vitatu. Kivuli kikarefuka mpaka mlango wa choo. Mume wa dobi akahamishia mkeka wake huko, akasema mwenye macho haambiwi tazama: neema ya baridi hiyo wengine wanaililia.

Akaja afisa wa mtaa na futi kamba. Akapima mti: sentimita arobaini na mbili.

"Na kivuli?" dobi aliuliza.

"Fomu haina mstari wa kivuli."

"Si ukipime hata kwa hatua?"

"Mama, mimi napima kilichoandikwa." Akafuta jasho, akaketi kivulini, akaandika kuwa lalamiko halina msingi.

Mashuka yakaanza kunuka uvundo. Nyumba ya wageni iliyomletea kazi miaka kumi na moja ikamtafuta dobi mwingine. Siku hiyo alilia kwa muda wa kukamua foronya mbili, kisha akaanika kwenye kamba ya karibu na geti, ya pekee iliyobaki juani.

Mwezi uliofuata mkurugenzi alitunukiwa cheti kwa kuupoza mtaa bila kutumia ardhi. Afisa alipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kesho yake mzee alifika getini akihema, amekumbatia sinia jipya lenye mti wa mvinje mdogo kuliko kijiko.

"Nisaidie, mwanangu. Mgongo huu."

Dobi alifuta mikono kwenye kanga, akapokea sinia, akaliweka juu ya nguzo ya geti, pale pale alipoonyeshwa. Kivuli kikashuka taratibu juu ya kamba.

Mkurugenzi alirudi nyuma hatua mbili, akakunja macho kwa furaha.

"Umeona?" alisema. "Hauchukui nafasi kabisa."