Zamu ya Kopo la Bluu

Kaka yangu na mke wake ni watu wazima, wana kazi zao na akili zao timamu, lakini ukitaja chakula cha mtoto cha shuleni, akili zote mbili zinarukia dirishani. Nayasema haya nikiwa na hasira, na sitaki kuambiwa nipoe kwanza.

Mimi ndiye shangazi mtu. Nakaa nao, na cherehani yangu iko sebuleni, ubavuni mwa meza ya chakula, kwa hiyo vita vyao vyote nimevisikiliza mguu ukiwa kwenye pedali. Kaka ni mwokaji mikate. Anaingia kazini wenzake wakienda kulala, anarudi alfajiri na unga kwenye nyusi na mkate wa moto kwapani. Wifi ni muuguzi. Kwake yeye mkate mweupe ni sumu iliyopakwa siagi. Anataka yai la kuchemsha, karoti na tunda.

"Karoti!" kaka husema. "Mama Chiriku, unalea mtoto au sungura?"

"Na wewe unalea mtoto au unaumua donge? Meno yakimwoza utamwokea mengine?"

Mwanzoni nilicheka hadi uzi ukanikatikia. Kisha ikaacha kuchekesha. Wifi anapanga kopo la chakula la mtoto jioni, kaka akirudi alfajiri anatoa karoti na kuweka skonzi, wifi akiamka anatoa skonzi na kurudisha karoti, na mtoto amesimama pale na sare yake anawaangalia. Akirudi kutoka shule, kabla hajavua viatu, anawekwa kati.

"Ulikula nini kwanza?"

"Umebakisha nini? Hebu fungua tuone."

Chiriku tulimpa jina hilo kwa sababu tangu ameanza kusema mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa akinihadithia shule nzima, hadi paka wa mlinzi. Sasa alijibu tu, "Nimekula vyote," akaja kukaa chini ya cherehani yangu kuokota vifungo. Na mabega yake, ninayoyapima kila nikimshonea sare, yalikuwa yanapungua badala ya kuongezeka.

Nikawaka. Nikawaambia wafanye zamu: leo mama, kesho baba, na asiye na zamu asiliguse kopo. Wakakubali huku wamenuna wote wawili. Ikatulia kidogo, nikadhani nimewaweza.

Halafu ikaja Jumatatu ya sikukuu, shule zikafungwa. Ilikuwa zamu ya wifi. Basi kaka akahesabu kwamba zamu hiyo haikutumika, imehamia Jumanne. Wifi akahesabu kwamba Jumatatu imeshakwenda na zamu yake, Jumanne ni ya baba kama kawaida. Unadhani kuna aliyefungua mdomo kumuuliza mwenzake? Thubutu.

Jumanne mchana nilipokwenda kumchukua mtoto, niliwakuta wote wawili ofisini kwa mwalimu wa darasa, wameitwa kwa simu. Kaka alikuwa na ndala miguuni na alama ya mto shavuni. Wifi alikuwa na sare yake ya kazi. Chiriku alikaa kwenye benchi katikati yao, na kopo la bluu lilikuwa mezani, wazi, safi bila hata chembe.

"Wakati wa chakula alifungua mfuniko akajikinga nao," mwalimu alisema. "Alikuwa anachota na kijiko, anatafuna, anameza. Nilipomsogelea nikakuta hamna kitu. Nikampa chakula changu, akakataa. Akasema nyumbani ataulizwa amekula cha nani."

"Si nilisema?" kaka akaruka. "Ilikuwa zamu yake huyu!"

"Yangu? Baba Chiriku, usinitie wazimu mbele za watu!"

Mwalimu akagonga meza. Mimi sikuwa na haja ya meza, nina sauti yangu.

"Wifi, nani alitia kopo kwenye mkoba?"

"Mimi."

"Hukusikia kwamba ni jepesi?"

Akavutavuta kola ya sare. "Nilisikia. Nikasema leo ndiyo siku ya kumkamata baba yake."

"Unaona!" kaka akasema, na kwa kweli alitabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. "Funga mdomo wako! Nani alimpeleka shule, mkoba begani?"

"Mimi, lakini..."

"Mkono wako unapima donge la unga bila mzani, unakata mia na yote yanalingana. Leo utaniambia mkono huohuo haukujua kopo ni tupu?"

Akaangalia ndala zake. "Ulijua," akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. "Nilitaka arudi na njaa, mama yake aone."

Nimeshika sindano maisha yangu yote na sijawahi kutamani kumchoma mtu. Siku hiyo nilitamani, na nilitamani wawili. Kila mmoja alikuwa ameishika njaa ya mtoto mkononi, akaifungia zipu.

Wifi akapiga magoti mbele ya benchi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikumwonea huruma.

"Mwanangu, na wewe ulijua halina kitu?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuomba?"

Chiriku akamtazama mama, akamtazama baba.

"Ningemwomba nani?"

Nje watoto wa darasa jingine walikuwa wanapiga mpira ukutani.

Kisha wifi akafungua pochi yake kwa pupa, akatoa ndizi. Wakati uleule kaka alikuwa ameshachomoa mfukoni skonzi iliyofungwa kwenye karatasi. Vikatua mezani pamoja, kimoja kushoto mwa kopo, kimoja kulia. Na wale wazazi wawili, macho yamewalowa, Mungu ananiona sisemi uongo, wakaacha kulia ili watazame mkono wa mtoto utakwenda upande gani.

Chiriku akaviangalia vyote viwili. Akameza mate. Halafu akaikalia mikono yake, mmoja chini ya kila paja.

"Nimeshiba," akasema.