Masikio ya Mjomba Tamin

Kila mara Tamin alipouza nyati wa kufugwa kwa niaba ya dada yake, bei ilikomea palepale alipojiapiza kwamba chini ya hapo hauzi. Haikupanda hata kidogo. Wanunuzi walifika hapo wakatulia, kana kwamba kuna mtu aliyewaonyesha mpaka wa shamba.

Na bei yenyewe haikuwa ya kusikika. Katika soko la mifugo la Waminang, kabila la Tamin, bei haitamkwi. Unaingiza mkono chini ya shuka ya saruni, unashikana na mwenzako, vidole vinasemezana huku midomo ikiongelea mvua. Anayesimama kando haambulii kitu. Basi siri ilikuwa imevuja kutoka nyumbani, na huko aliyeijua alikuwa mmoja tu: Kutar, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyekuwa akiwaswaga nyati hadi sokoni.

Tamin akaanza kumchunguza. Kutar akikohoa, Tamin anageuka. Kutar akimsalimia mnunuzi, Tamin anajiuliza salamu gani ndefu hivyo. Mwishowe uvumilivu ukamwishia, mbele ya watu kwenye kibanda cha chai.

"Wanakupa nini?"

"Akina nani?"

"Usijifanye hamnazo, Kutar. Bei yangu inafika sokoni kabla yangu."

Kutar aliweka chini kifuu chake cha chai ya majani ya mti wa kahawa. "Tumekula sahani moja tangu kabla ya jando," alisema. "Haya, tafuta mwingine wa kukuswagia." Akaondoka, na hakukanyaga tena kwa Tamin.

Dada mtu, Rosmani, naye alikuwa na yake moyoni. Mali ni ya ukoo wa mama, mjomba ni mwangalizi tu, na mwangalizi anayeuza rahisi kila mara huanza kutazamwa mifuko. Safari iliyofuata akamtuma bintiye Desma, mwalimu wa baiolojia, eti akamsaidie mjomba. Tamin alijua msaada huo ni wa namna gani, na ulimuuma.

Sokoni, mnunuzi mnene aitwaye Sati akaingiza mkono chini ya saruni. Vidole vikabanana, vikapanda, vikakomea palepale pa siku zote. Desma, aliyekuwa amesimama mbele yao, akaziba mdomo.

Tamin akachomoa mkono. "Unacheka nini? Au na wewe umo?"

"Twende kwa kinyozi, mjomba."

Akamketisha mbele ya kioo, akafunika mikono yao kwa saruni. "Mimi ndiye mnunuzi. Usiniangalie mimi, jiangalie."

Akabana bei ya kitoto. Uso wa Tamin mkavu. Akapandisha kidogo. Mkavu. Akapandisha tena, ikafika bei aliyojiapizia Tamin, na masikio yote mawili ya Tamin yakarudi nyuma taratibu, kama ya nyati aliyesikia pumba zikimwagwa.

"Mbona tunajua wote, mzee," alisema kinyozi. "Tulidhani unafanya makusudi."

"Misuli hiyo kila mtu anayo," Desma alisema. "Nyati huitumia kugeuza sikio lifuate sauti. Kwetu sisi ni mabaki tu, kama kile kifupa kilichobaki mahali pa mkia. Wengi wetu imelala. Yako iko macho."

"Kwa hiyo mimi ni nyati."

"Nyati inamfaa, mjomba. Wewe inakutia hasara."

Tamin hakucheka. Akilini alikuwa akimwona Kutar akiweka kifuu chini. Alivuta kofia ikafunika masikio, akamrudia Sati, na safari hii Sati alipanda, akapanda tena, huku akimkodolea macho bila kuambulia kitu.

Alasiri Tamin akaenda kwa Kutar, akamkuta akifunga uzio wa zizi.

"Ni masikio yangu," alisema, akavua kofia. "Hukuwa wewe. Nilikukosea, ndugu yangu."

Kutar aliendelea kufunga kamba.

Tamin akatandaza saruni juu ya mkono wake, akaunyoosha. "Basi taja bei yako."

Kutar alikaza fundo la mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akauingiza mmoja chini ya saruni, akakishika kidole kimoja tu. Masikio ya Tamin yakaruka nyuma.

Kutar aliyatazama.

"Umefurahi mapema," alisema. "Mimi sijafika hata nusu ya bei yangu."