Elementi ya Granskär

Kijiji cha Ytterby, katika kisiwa cha jirani, kilikuwa kimeshazipa elementi nne jina lake, na watu wake hawakutuacha tukasahau. Ukikutana nao sokoni Vaxholm, hata kama umefuata uzi tu, watakuuliza: "Vipi nyie wa Granskär, mawe yenu bado ya kutengenezea vikombe?" Baba yangu, Ansgar, ndiye aliyekuwa na machimbo ya Granskär, na siku za soko alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Miamba yetu na yao ni ileile, inapita chini ya maji. Kwa nini wao wapate elementi nne na sisi patupu?

Ndipo akaja Valfrid, mwalimu wa kemia kutoka Uppsala, kijana mwembamba mwenye vidole vilivyoungua kwa asidi. Aliomba yale mawe meusi ambayo wachimbaji wetu huyatupa. Kabla kiangazi hakijaisha akaniomba na mimi, Tekla, niwe mkewe.

Baba hakupindisha maneno. "Mwalimu, kwenu mgunduzi ndiye mwenye kutoa jina, siyo? Lete elementi yenye jina la Granskär, umchukue Tekla."

"Na nisipoipata, mzee?"

"Wasichana hawajaisha Uppsala."

Nilinuna siku nzima. Lakini nilimpenda Valfrid, basi nikajikaza kisabuni nikasubiri.

Kazi yenyewe inataka subira. Unayeyusha jiwe kwa asidi, unapata chumvi, unaichemsha mpaka igande, unaitenga, unaichemsha tena, mpaka ubaki na kitu kisichogawanyika. Hicho ndicho kinachopewa jina. Barafu ilipoanza kuyeyuka, Valfrid akaandika kwamba amepata chumvi ya rangi ya waridi ambayo hakuna aliyewahi kuielezea. Ameiita granskeri.

Baba alilipaka jina hilo ubavuni mwa mashua yake, akaalika kisiwa kizima kunywa kahawa. Kisha akaenda Vaxholm kununua uzi ambao hatukuuhitaji.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi Valfrid akaja, uso umemshuka. Tuliketi nje, mezani kuna samaki wa siki na viazi vipya. Hakugusa kitu.

"Mzee, granskeri haipo," alisema. "Nimeichemsha tena, imegawanyika. Ni elementi mbili za zamani zilizoshikana."

Baba akaweka uma chini. "Mbili za wapi?"

"Za Ytterby, mzee. Zote mbili."

Mama aliinuka akakimbilia jikoni, na nilimsikia akicheka huko. Mimi sikuwa na cha kucheka. Niliona harusi yangu inayeyuka mbele ya macho yangu.

"Nani mwingine anajua?" Baba aliuliza.

"Hapa kisiwani, ni sisi tu."

"Basi kula. Funga mdomo mpaka harusi ipite. Baadaye atakayegundua na agundue."

Siwezi kudanganya, nilitamani akubali. Valfrid alinitazama, macho yamemjaa machozi.

"Siwezi, mzee. Nimeshawaandikia wakubwa wa Akademia ya Sayansi. Barua niliipeleka posta kabla sijapanda mashua kuja huku."

"Kabla ya kuniambia mimi?"

"Ningeanza na wewe, ungenishinda. Tekla yuko hapa, chakula kipo mezani. Ningekubali."

Baba aliinuka. Alishuka gatini, akaingia katika mashua yake na kuanza kupiga makasia kuelekea Ytterby.

"Amekwenda kutafuta bunduki?" Valfrid aliuliza.

"Angetaka kukuua asingejisumbua kuvuka maji," nikamwambia. Tulikaa tumeshikana, kila mmoja akiamini ndiyo mara ya mwisho.

Baba alirudi saa tatu usiku, jua likiwa bado linawaka, kama ilivyo kwetu majira hayo, shati limemlowa jasho.

"Nimewaambia mwenyewe," alisema, "kabla hawajasikia kwa mwingine."

"Wakasemaje?" Mama akauliza.

"Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakaniuliza, sasa Granskär mmebaki na nini?"

"Nawe ukawajibu nini?"

Baba aliketi, akavuta bakuli la viazi, akamtilia Valfrid kwanza.

"Nimewaambia nimebaki na mkwe. Nimemchemsha leo mezani kwangu, hagawanyiki."