Picha ni Zako

Cheka Kidogo alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi bila mkanda wala kamba za viatu. Jina lake la kuzaliwa mtaani walishalisahau. Alikuwa mpiga picha, na kila mteja wake alikuwa akimwambia yeye, "Haya, cheka kidogo," ndipo abonyeze, na jina likamganda. Kamera yake ilikuwa juu ya meza, na sajenti alikuwa akipekua picha kwa kidole kinene.

"Taratibu na hicho kioo, afande."

"Unanifundisha kazi? Kaa chini."

Alikuwa amesimama tena bila kujua. Akakaa.

Picha zenyewe zilikuwa chache, za mlango mmoja: mlango wa dharura wa kiwanda cha nguo, umepigwa picha kwa ndani. Juu yake kibao kinasema wakati wa moto tokea hapa. Chini ya kibao kuna mnyororo na kufuli. Pembeni migongo ya wanawake imeinamia cherehani, na mgongo mmojawapo ni wa dada yake. Uso wa mtu hauonekani hata mmoja. Hilo alilihakikisha.

Ule mlango hufungwa ili mtu asitoroshe kitambaa, eti. Mwezi uliopita mota ya cherehani iliungua, moshi ukajaa ukumbini, na dada mtu akarudi nyumbani na ngozi ya vifundo vya vidole imechubuka kwa kuugonga mlango huo. Alikula, akalala, asubuhi akaenda kazini. Atafanyaje? Cheka Kidogo ndiye aliyeshindwa kutulia. Akaruka ukuta saa ya chakula cha walinzi, akapenyea dirisha la choo, akapiga, akatoka.

Na alitoka salama, ndilo linalouma. Hata mlinzi hakumwona. Ila alipofika nyumbani, kabla ya kuzituma picha kwa mkaguzi wa kazi na kwenye kundi la simu la wafanyakazi, mkono ulifanya kile ambacho umefanya kwa maharusi na vitambulisho miaka yote. Uliandika pembeni: *Picha na Cheka Kidogo*, na namba ya simu chini yake. Mpiga picha wa mtaani asipoweka jina ataibiwa kazi na wenzake. Jamani! Kesho yake sajenti aliipiga ile namba, akasema ana harusi, anataka mpiga picha haraka. Cheka Kidogo akaja mbio, kamera begani, amechomekea shati.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mmoja nadhifu, sauti ya chini, wakili wa kiwanda. Sajenti akampisha kiti chake mwenyewe.

"Kwanza nikutoe wasiwasi, kaka yangu," alisema wakili. "Picha ni zako. Mtu hata akiruka ukuta, picha aliyoipiga ni mali yake. Sheria iko wazi."

Loo, kumbe sheria nayo ina moyo!

"Ndiyo maana tunahitaji saini yako." Akasukuma karatasi mbele yake. "Unakikabidhi kiwanda haki zote za picha, nacho kinasahau habari ya ukuta. Yanaisha hapa hapa."

"Na nisiposaini?"

"Utabaki mwenye picha. Na mwenye picha ndiye aliyeingia kwa watu bila ruhusa."

"Nikisema si zangu?"

"Basi hazina mwenyewe." Wakili alitabasamu kidogo, kama mteja anayesubiri kupigwa picha. "Tutamwambia mkaguzi zimetengenezwa na kompyuta. Siku hizi hata mtoto anatengeneza."

Cheka Kidogo aliinuka, akakaa, akainuka. Mbele moto, nyuma maji. Aliwaza vile vidole vya dada yake. Alitaka kuichana ile karatasi. Akairudisha tu upande wa pili wa meza.

"Ni zangu. Nimezipiga mimi, na mlango ule umefungwa. Andika, afande."

"Umejipalia makaa, mwanangu," alisema sajenti, akaandika. Kisha akaitia kamera ndani ya mfuko, akaufunga kwa lakiri.

"Sasa waipeleka wapi? Si wakili amesema picha ni zangu?"

"Nani kakunyang'anya? Ni zako. Ila sasa ni kielelezo cha kesi. Hairuhusiwi mtu kuzionyesha, hata wewe. Kesi ikiisha utachukua."

Kesi haikuisha. Iliahirishwa kwa sababu hakimu alikuwa safarini, ikaahirishwa tena kwa sababu jalada halikuonekana. Dhamana ilitaka mtu mwenye nyumba, na ukoo wao mzima ni wapangaji. Kiwandani likabandikwa tangazo kwamba atakayekutwa na picha ile kwenye simu hana kazi. Wanawake wakaifuta, mmoja mmoja, msimamizi akichungulia.

Dada yake alikuja mahabusu akiwa na vazi la kazi. Walizungumza kupitia wavu, askari amesimama karibu.

"Mkaguzi alikuja?" aliuliza Cheka Kidogo, kabla hata ya salamu.

"Alikuja. Wakamnywesha chai ofisini. Anasema jambo likishafika mahakamani, yeye haligusi."

"Na mlango, dada?"

"Mnyororo wameutoa."

Akaushika wavu kwa mikono miwili. "Si nilikwambia! Si nilikwambia watatikisika!"

"Sikiliza kwanza, mdogo wangu." Hakumtazama. "Wameuchomelea. Alikuja fundi na mashine yake, akauunga na fremu pande zote. Kisha wakapaka rangi ya ukuta, na kile kibao wakakibandua. Mgeni hajui kama palikuwa na mlango."

"Na nyinyi mkanyamaza?"

"Wewe hukunyamaza. Uko wapi?"

Dada aliitazama saa iliyokuwa ukutani nyuma ya askari, akashtuka.

"Mungu wangu, zamu yangu! Geti likifungwa nikiwa nje, nimekwisha."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka mbio kuwahi kufungiwa ndani.